Sauti Iliyoitika Nyuma ya Darasa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na sisi tulio na chaki kwenye kucha!

Mimi ni Mama Numbi wa Kikula. Nafundisha shule ya msingi kule Panda, kwenye kambi za zamani za wafanyakazi wa mgodi. Mnajua desturi yetu: mwanamke akishazaa, jina lake linapumzika, anaitwa kwa jina la mtoto wake. Numbi ndiye mtoto wangu wa pekee. Shikeni hilo, maana ndilo shetani alilotaka kuninyang'anya.

Mwaka huu walimu waliondoka mmoja mmoja, na kila pengo mkurugenzi wa shule aliliziba kwa kuniweka mimi. Mara darasa la tano, mara la pili, mara la nne, kisha nirudi la pili nikute watoto wamebadilishwa. "Madame, kesho utaingia mu troisième," anasema mlangoni, yaani darasa la tatu, hata salamu hakuna! Nami nilikuwa na sifa moja niliyojivunia: naita majina ya watoto wote kwa kichwa, bila kusoma popote. Basi kila nilipohamishwa nilimeza majina mapya juu ya yale ya zamani.

Nilichoka, jamani. Ni ule uchovu wa kuamka nao asubuhi, unaitazama sketi ya kazi na machozi yanakuja.

Ndipo yakaanza. Niko darasa la tatu, naita majina, likanitoka moja: "Kalenga!" Kalenga alikuwa mtoto wa darasa la tano, humo hakuwamo. Lakini nyuma kabisa, kwenye dawati tupu, sauti ikaitika: "Présent, Madame."

Ndugu zangu, watoto wote waligeuka! Msichana wa dawati la mbele akaniambia polepole, "Madame, kule hakuna muntu."

Nilijichekesha, nikaendelea. Kesho yake nikaita tena jina lisilo lao, likaitikiwa. Sauti yenyewe ilikuwa tulivu, ya mtoto mwenye adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyonitisha. Kadiri ilivyoitika, nyuso za watoto waliokuwa mbele yangu zilifutika. Niliona sare za bluu na nyeupe, na juu ya kola sikumjua yeyote.

Alasiri moja nilifika nyumbani nikakuta msichana amekaa kizingitini, anachambua sombe, majani ya muhogo.

"Weye iko mutoto wa nani?" nikamwuliza. "Unafanya nini hapa kwangu?"

Majani yakamwanguka. "Mama, njo minye, mutoto wako!"

Nikangoja jina lije. Halikuja! Mtoto niliyemzaa mwenyewe! Nilipiga kelele mpaka majirani wakakimbilia uani.

Wakanileta hapa kanisani, kwa wamama wa maombi. Nilitegemea mafuta na kelele za kukemea. Mama Mchungaji akasema, "Leo hatukemee. Tutamuita tu." Wakaja mmoja mmoja, wananishika mikono: "Mama Numbi, jambo. Mama Numbi, iko muzima?" Nilisikia kana kwamba wanamsalimia mwanamke mwingine. Kisha kutoka viti vya nyuma, palipokuwa patupu, sauti ileile ikaitika kwa niaba yangu: "Présente."

Mama Mchungaji akageukia kule nyuma, wala hakupandisha sauti: "Si weye tuliita. Nyamaza kwa jina la Yesu." Akanirudia: "Mama Numbi!"

Mwanangu alikuwa ameushika mkono wangu. Jina likanipasuka kinywani: "Numbi! Numbi wangu!" Tukalia wote. Haleluya!

Bwana akanipa na kinywa cha kukataa. Nilimwendea mkurugenzi: "Directeur, nabakia na classe moja mupaka mwisho wa mwaka. Kama haiwezekani, nabakia ku nyumba." Alinung'unika, akakubali.

Juzi nimeita majina ya darasa la tatu taratibu, namtazama kila mtoto usoni. Mwishoni nilijaribu, nawaambia kweli: "Kalenga!" Dawati la nyuma kimya. Msichana wangu wa mbele akanishangaa: "Madame, ule iko mu cinquième!"

Asante Yesu! Nilimkumbatia mbele ya wenzake.

Mpendwa, wewe uliyehamishwa-hamishwa mpaka hujijui tena, usikae nalo peke yako. Njoo Bwana akuite. Yeye hachanganyi majina, na akikuita, ni wewe mwenyewe utakayeitika.