Injini Iliyohamia Manyamanyama

Mwaka 1988, ndani ya basi la Musoma kwenda Bunda, Mwalimu Eufrasia alikaa nyuma ya mzee aliyekuwa akimsimulia jirani yake, mama mmoja mwenye gunia la mahindi, habari za pikapu yake. "Landrova yangu ilikuwa inavutaga tela la pamba mpaka kiwandani, mama. Spea zilipokosekana nikang'oa injini ya dizeli, nikaweka ya teksi. Ile ya zamani nikamuuzia Silasi wa mashine ya kusaga, Manyamanyama, akaiungaunga ikamtosha."

"Hiyo ya teksi inavuta tela?"

"Inavuta pumzi tu. Sasa spea zimejaa madukani. Naenda kuinunua tena injini yangu."

Mama akamgeukia. "Ndiyo inatusagia unga, baba. Ukiing'oa, utakuja kututwangia?"

"Nilifanya haraka. Ningevumilia miaka miwili tu!"

"Haraka ilikuwa yako. Njaa isiwe yetu."

Eufrasia alifundisha hesabu, na hakuona kosa katika hoja ya upande wowote. Basi likasimama. Mama akashuka na gunia lake.

"Mzee, si ulisema Manyamanyama?" konda aliuliza.

"Nilisema," akajibu mzee, asiinuke.