Soksi Iliyoachwa Sindanoni

Kwenye tramu ya mtaa wa Kadıköy, msichana aliyeketi mbele yangu alikuwa akifuma soksi, uzi kaupitisha shingoni kama bibi zetu. Siku hizi mikahawa imejaa vijana wafumaji. Kahawa yenyewe inapoa.

"Umeianza mwenyewe, mwanangu?" akauliza mama aliyekaa naye.

"Hapana, mama. Nimeikuta kwenye soko la mitumba, bado iko sindanoni. Namalizia tu."

"Ikiachwa sindanoni, ni ya marehemu hiyo! Kwetu tunaifumua kabla hajazikwa, asije akarudi kuimalizia."

"Haya, aje anisaidie! Kisigino kilikuwa kinanishinda."

"Mbona umekimaliza? Na uzi shingoni, nani kakufundisha?"

Msichana akaacha kucheka. "Mkahawani tunauzungusha kidoleni," akasema polepole, mkono mmoja ukipanda shingoni.

Tramu ikasimama. Mkono wa pili ulikuwa bado unafuma.