Materne Hirtzel, Mjerumani wa Nyambizi

Kivuko cha kutoka Lorient kilikuwa hakijafungwa gatini Jumapili ile, tarehe 11 Aprili 1948, Materne Hirtzel alipomsikia mtu akipiga kelele: "Jamani, si yule Mjerumani wa nyambizi huyo!" Alikuwa amevaa suti ya kuazima, amebeba keki. Alikuja Port-Louis, ng'ambo ya maji, kumposa Soazig Kervadec.

Hakuwa Mjerumani bali Mfaransa. Alizaliwa Kaysersberg, Alsace, mpakani na Ujerumani, tarehe 3 Februari 1918, mtoto wa pili wa fundi mapipa. Alisoma huko huko, kisha Strasbourg, alikoanza kuigiza jukwaani. Kijerumani alikijua tangu nyumbani, hivyo baada ya vita kila filamu iliyohitaji ofisa wa Kijerumani ilimwita yeye. Mwaka 1947, katika studio moja ya Nice, aliigiza ofisa wa nyambizi anayefunga mlango na kuwaacha mabaharia wenzake nje, wazame.

Mama Kervadec aliitazama filamu hiyo, akatoka kabla haijaisha. Mwanawe Hervé alikuwa amezama na meli yake mwaka 1940. Leo bintiye Soazig anamletea mtu yule yule.

"Kwa nini uliwafungia?" alimuuliza, hata kiti hajampa.

"Mama, ule ni mlango wa mbao tu. Wenzangu walikuwa nyuma yake wanavuta sigara."

"Ungeuacha wazi hivyo hivyo."

"Mama, alilipwa aufunge!" Soazig akadakia.

"Tena akalipwa!"

Keki waliila majirani. Materne alirudi Jumapili iliyofuata, na zilizofuata. Akapewa viazi avimenye, akasutwa kwamba anamenya maganda manene kama mtu asiyewahi kuona njaa. Ndoa ilifungwa tarehe 18 Juni 1949. Mama alihudhuria, lakini alimwita mkwewe "Bwana Hirtzel", na akaendelea hivyo miaka yote ambayo Materne alifundisha maigizo Lorient. Materne mwenyewe alimwambia mkewe kwamba alitamani kitu kimoja tu, kuwa mtoto wa nyumba ile.

Mwaka jana, 1968, mapafu yalianza kumshinda Materne. Mama alimlisha supu kwa mkono wake: "Fungua mdomo, Bwana Hirtzel. Au huo nao umeufunga?" Alicheka hadi akakohoa. Alifariki nyumbani, Ijumaa, tarehe 14 Machi 1969.

Kaka yake, Fridolin, alikuja kuuchukua mwili.

"Unampeleka wapi?" Mama akamuuliza.

"Kwao, mama."

"Kwao ni hapa. Kaburi letu lina nafasi. Hervé, aliyebaki baharini, ana jina tu pale, na mimi nitajibana."

Marehemu ameacha mjane, Soazig. Mabinti wawili, Nolwenn na Odile. Kaka yake, Fridolin. Na mama yake, Bi Jeanne-Louise Kervadec, aliyeagiza aandikwe hivyo.

Alale kwa amani, kwao.