Bwana Harub na Kahawa Aliyoirudisha

Alkhamisi hii Bwana Harub bin Yaqdhan anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja ya kuthamini nyumba za watu hapa Maskati. Amechoka, na wala hafichi. Sisi tunaobaki tumechoka vilevile, ila hatujapata ruhusa ya kusema.

Alianzia Matrah, kwenye vichochoro ambako nyumba mbili huegemea ukuta mmoja na kila mwenyewe anaapa ukuta ni wake. Kwa kanuni za idara yetu, nyumba ikiuzwa huthaminiwa upya na ada hupanda. Mzazi akimpa mwanawe, au mtu akipewa nyumba badala ya iliyovunjwa kupisha barabara, thamani ya zamani hubaki. Basi kila mnunuzi hugeuka mtoto wa mwenye nyumba. Bwana Harub aliwahi kuletewa "mtoto" mwenye mvi kumzidi baba.

Nyumba alizikagua Jumatatu na Alkhamisi, siku za funga ya sunna. Kwetu kukataa kahawa ya mwenyeji ni kumvunjia heshima, na mthamini aliyeinywa hupata uzito kuitaja thamani ya nyumba. Aliyefunga halaumiwi. Thawabu zake Mungu anazijua. Sisi tuliona mkanda wake ukiongezewa matundu.

Mara moja tu hila hiyo ilimtupa. Miaka tisa iliyopita Bi Masouda wa Qantab, shoga wa marehemu mama yake, alipewa nyumba badala ya yake iliyopitiwa na barabara. Kwa makosa ikaandikwa kuwa ameinunua. Ada aliyotakiwa kulipa ingemlazimu kuiuza kabla hajaizoea. Bwana Harub alimweleza mkuu wetu kuwa wanajuana. Akaambiwa hakuna mwingine, aende Jumanne. Jumanne hakufunga, na uongo haujui. Mbele ya wageni wa Bi Masouda akairudisha finjani ya kahawa, akaomba anywe shauri likiisha.

Likaisha kwa haki. Wakubwa walipomuuliza kama alikula au kunywa pale, alijibu hapana, na thamani ya zamani ikabaki. Lakini aliporudi kuinywa kahawa yake, Bi Masouda alimwambia mlangoni, "Kahawa yangu imeshapoa, Harub," akafunga mlango. Tangu siku hiyo hakuitikia salamu yake, hata matangani. Mimi Shatha, niliyepanda naye ngazi zote za Darsait kwenye jua kali, najua kuwa hakuna kilichomchosha kazini kuliko mlango ule.

Juzi Bi Masouda alinipigia simu. Kasema, "Mwambie Harub, Alkhamisi magharibi nna birika motoni. Hana kazi tena, hana cha kukatalia." Nilipomfikishia, Bwana Harub aliomba nimrudie maneno hayo, kisha akatoka nje kidogo.

Hafla yetu ni mchana, na mwenye shughuli hatakula, maana amefunga kama kawaida yake. Bwana Harub, ahsante kwa miaka yote hii. Tunakuombea siha, usingizi mzuri na miguu isiyoijua ngazi tena. Nenda Qantab ukafuturu. Na ile finjani usifanye haraka kuitikisa kuonyesha umetosheka. Mwache amimine mpaka achoke yeye.