Nakala Nne za Mzee Ebenezeri Swai

Marehemu Mzee Ebenezeri Ndelilio Swai alizaliwa tarehe 9 Machi 1950 huko Machame, wilaya ya Hai, mtoto wa pili kati ya saba wa Mzee Ndelilio Swai. Tarehe hiyo haina ubishi. Aliiandika mwenyewe sehemu tano tofauti.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini na kumaliza kidato cha nne Moshi mwaka 1969. Kila somo alikuwa na madaftari mawili: moja la kusomea, la pili la kumwazima yule ambaye angepoteza lake.

Mwaka 1972 aliajiriwa na kampuni moja ya kahawa mjini Moshi, kitengo cha kompyuta. Kompyuta yenyewe ilijaza chumba na ilikuwa na feni yake, huku meneja akijipepea kwa faili. Kilo za kila mkulima zilitobolewa kwenye kadi ngumu za karatasi. Wiki ya kwanza Mzee aliangusha sanduku la kadi elfu mbili, akazipanga upya kwa mkono siku tatu. Tangu hapo hakuamini kitu chenye nakala moja. Kadi zilipisha tepu kubwa kama sinia, tepu zikapisha disketi, disketi zikapisha CD. Kila kilipokuja kipya alihamishia kumbukumbu zote humo, na cha zamani akakipakata kwenye basi hadi nyumbani kama mgonjwa aliyeruhusiwa. Alistaafu mwaka 2005, ila kuhamisha hakuacha.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na Bibi Eliaichi Urio, wakajaliwa watoto wawili, Godlove na Kindness.

Mwaka 1990 baba yake, Mzee Ndelilio, alimtembeza kihamba kizima, shamba la urithi, akamwonyesha makaburi kumi ya ukoo yasiyo na msalaba wala simenti, yaliyofunikwa na migomba. Akamwambia, "Usije ukanilalia, wala usimlalie babu yako." Mzee akaahidi. Jioni ile ile alichapa orodha: nani amelala wapi, hatua ngapi kutoka mgomba upi. Akaiweka kwenye disketi, baadaye kwenye CD, baadaye kwenye flashi. Baba yake alipozikwa humo, jina lake likawa la kumi na moja.

Februari mwaka huu figo zilianza kumsumbua. Alilazwa Moshi mara mbili, akiwauliza manesi faili lake lina nakala ngapi. Alifariki Jumanne, tarehe 13 Mei 2025, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Bibi.

Alhamisi asubuhi vijana walisimama kihambani na majembe, na hakuna aliyejua wachimbe wapi ili ahadi isivunjwe. Orodha ikatafutwa. Disketi zilikuwa juu ya jiko la kuni, nyeusi kama makande yaliyoungua. Bibi ndiye aliyezining'iniza kule zamani. Akajitetea, "Mbegu za mahindi zinakaa hapo hapo, hakuna mdudu anayezigusa. Hizo zake zina nini cha zaidi?" CD ilikuwa shambani ikifukuza ndege, na kazi hiyo iliifanya vizuri. Flashi ilikuwa kwenye gari la Godlove, imejaa nyimbo.

"Mama, niliifuta kwa sababu haikuwa na kitu," alisema. "Ilikuwa na majina tu."

Bibi akamtazama, akavaa kandambili, akaingia kihambani. Kumbe kila Jumapili baada ya ibada, kwa miaka thelathini na tano, Mzee alimfanya aikariri orodha nzima. Mwanzoni Bibi alilalamika, "Baba Godlove, ulioa mke au disketi?" Naye akamjibu, "Mke. Disketi ingekuwa imenyamaza." Alhamisi Bibi alihesabu hatua, akataja majina kumi na moja bila kusita, akasimama hapa tulipo. "Hapa hakuna mtu. Chimbeni." Wakachimba, wakakuta udongo mtupu. Bibi akacheka, na mji mzima ukacheka naye.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, kitukuu mmoja na kompyuta mbili ambazo bado zinawaka. Orodha, sasa yenye majina kumi na mawili, imechapwa nyuma ya kijitabu hiki, nakala mia nne. Mnaombwa mwende nazo nyumbani, na msifungie karanga.

Mzee Ebenezeri, pumzika kwa amani mahali pako mwenyewe. Hujamlalia mtu.