Avoka Niyibizi, Mgombea Asiye na Chama

Wachungaji, majirani wa mtaa wa Phillips, na ninyi wa Maple Grove mliochelewa mkasingizia theluji, kaeni tuwaambie tunayemsindikiza leo alikuwa nani, maana wengi mlimjua kwenye mabango tu, na mtu si bango.

Zachariah Niyibizi alizaliwa tarehe 9 Aprili 1964 mjini Uvira, Kivu ya Kusini, kitinda mimba wa mzee Habiyaremye, akabebwa mgongoni na dada yake mkubwa Donatille, ambaye kwa ajili ya mzigo huo aliachia shule darasa la pili, na tangu hapo hajaona mtoto mbishi kama yule, aliyekataa uji kwa hoja kabla hajaota meno.

Alisoma shule ya msingi palepale Uvira, sekondari Bukavu, kisha sheria Lubumbashi hadi Julai 1990, akarudi nyumbani kufungua ofisi ya chumba kimoja karibu na soko, na mji mdogo hauna pa kujificha, aliyemshinda mahakamani asubuhi alikaa naye msibani jioni, wakagawana benchi. Vita vya 1996 vikamvusha ziwa hadi Kigoma, akaishi kambini Nyarugusu akiwaandikia wenzake rufaa, na tarehe 3 Oktoba 2007 yeye na Donatille wakashuka uwanja wa ndege wa Minneapolis wamevaa ndala.

Huku akaambiwa shahada yake haitambuliki, basi akafua mashuka ya hospitali Saint Paul mchana na kurudi darasani jioni, mpaka Mei 2014 alipoapishwa upya, lakini Wakongo hatukungoja kiapo cha mtu, tulimwita Avoka tangu mwanzo, kwani kwetu mwanasheria ni avoka na lile tunda la kijani ni avoka vilevile, na humo ndimo ndoa yake ilimotokea. Jumapili moja ya mwaka 2009 lilitolewa tangazo kanisani kwamba Avoka amefika, anayemhitaji amwone nje baada ya ibada, na Rahab Kemunto, muuguzi kutoka Kisii, akatoka mbio na mfuko mtupu, akakuta mwanamume mrefu anatetemeka kwa baridi mlangoni.

"Ziko wapi?"

"Zipi, mama?"

"Avokado, si mmetangaza?"

"Avoka ni mimi."

Kemunto akamkagua toka kofia hadi viatu. "Na hujaiva," akasema. "Wewe unataka kufukiwa kwenye unga kwanza, uive."

Walifunga ndoa tarehe 21 Agosti 2010, bwana harusi akiwa na miaka arobaini na sita, kesi iliyoahirishwa mpaka hakimu akachoka, wakajaliwa Heri mwaka 2011 na Uwase mwaka 2013, watoto wazuri, wanaelewa kila neno la Kiswahili na wanajibu Kiingereza, hata wakiulizwa kama wameshiba.

Majira ya baridi ya 2022 mashine ya joto ikafa katika jengo la matofali pale Phillips anakoishi Donatille na familia nyingi za kwetu, mwenye jengo akakataa kuitengeneza, alitaka watu wahame wenyewe auze, na Zachariah akampeleka mahakamani. Kesi haijafika popote, wakuu wa chama kimoja kikubwa, ambacho hatukitaji kwa kuwa wamo humu na wameleta maua, wakaja kwake kunywa chai, wakamwambia kiti cha baraza la jiji kiko wazi, wao watamsimamisha, ila hiyo kesi aiache, mwenye jengo ni rafiki wa chama.

Kemunto akaacha kumimina chai. Donatille alikuwa kwenye kochi, na koti lake mwilini, alikuwa amelizoea mpaka hakumbuki kulivua.

"Dada," Zachariah akamuuliza mbele yao, "unalalaje siku hizi?"

"Kama samaki wa friji," Donatille akajibu. "Ila mimi sina chama, usiniulize."

"Basi tuko wawili," akasema, akawafungulia wageni mlango.

Akasimama mgombea binafsi, na kwa kuwa hakuwa na nembo ya mtu, Kemunto akamchorea tunda lile lile kwenye mabango, wapinzani wakacheka kwamba anagombea kachumbari, lakini Wakenya wakajua ni yule wa mlangoni, Wakongo wakajua ni wakili wao, na wengine wote wakauliza maana yake, nayo ndiyo kampeni, mtu akuulize. Tarehe 7 Novemba 2023 akashinda, Kemunto akapiga vigelegele mpaka jirani akaita polisi, nao wakaja wakapewa pilau.

Kushinda huko hakukumpasha mtu miguu joto, kesi ndiyo ilikuwa roho ya watu, na Januari iliyofuata hakimu akaamuru mashine mpya ifungwe na asihamishwe hata mmoja.

Agosti 2025 madaktari waligundua saratani ya kongosho, hakugombea tena, na mwezi huu akaomba apelekwe kwa dada yake akakae na majirani. Walijaa chumbani, vyuma vya joto vinachemka, Zachariah akafuta jasho, akasema, "Dada, nimewashindia kupita kiasi, fungua dirisha." Nje barafu, ndani watu wanajipepea, jengo zima likacheka, Donatille naye, akafungua. Alifariki chumbani humo humo tarehe 11 Januari 2026, alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Saint Paul, wenzake wa baraza, hata waliompinga, wenzake wa kufua mashuka, kanisa, na majirani wa jengo lile waliopika chakula cha leo, kuleni, msifunge funge kubeba kabla wageni hawajapata.

Zachariah, mwana wa Habiyaremye, ulale kwa amani, bado hatujafunga dirisha.