Wariara, Aliyekataa Mbuzi wa Kahiga

Nilisema katekista ndiye asome, ana miwani na ana sauti, lakini wanaume wa boma hili walipofika mahali karatasi inapotaja korti wakaanza kuangalia viatu vyao, basi karatasi nimepewa mimi, mama mkwe wa marehemu, niliyesoma misimu miwili tu, nikikwama kwa neno mtanivumilia.

Marehemu Wariara wa Thuo alizaliwa tarehe 14 Machi 1927 huko Elburgon, akasoma shule ya misheni hadi darasa la tatu, babake akasema inatosha, na mwaka wa 1943 akaanza kuchuma maua ya pareto katika shamba la Mzungu karibu na Molo, ambako mikono yake ilijulikana kwa wepesi na mdomo wake kwa kutonyamaza. Tarehe 7 Septemba 1946 alifunga ndoa kanisani na mwanangu Mburu, wakajaliwa Nyakio na Karanja, na mwaka wa 1953 Mburu akapelekwa kizuizini, hata leo hakuruhusiwa kuja kumzika mkewe.

Tarehe 9 Agosti 1955, mchana, katika banda la kukaushia pareto, nyapara Kahiga alimfungia mlango akamnajisi kwa nguvu, na neno hilo sitalipaka sukari. Wa kwanza kukutana naye akitoka alikuwa Kipketer, mwendesha ng'ombe wa kulimia, akamleta nyumbani huku Wariara akilia, nami nikafanya jambo ambalo mama yeyote wa rika langu angefanya, nikachemsha maji, nikamwosha toka kichwani hadi miguuni, nguo nikazichoma ili uchafu usiwafikie watoto. Kesho yake Wariara akashtaki, polisi wakaja wakauliza nguo ziko wapi, nikawaonyesha jivu.

Kahiga alipita nyumba kwa nyumba, kwa upole, hakuwa mtu wa kelele, akisema atakayekwenda kortini Nakuru atapanda lori la kurudishwa rizavu, ile ardhi finyu tuliyotengewa na serikali, na siku zile nyapara akikutaja kuwa umekula kiapo cha wapiganaji wa msituni, hakuna aliyemwuliza mara mbili. Tulilala na nguo zetu, na kila lori lilipopanda mlima nilipapasa gizani nione kama watoto wote wapo. Halafu akatuma wazee, mbuzi tisa na kondoo dume, maneno yaishe. Nikamwambia Wariara, chukua mbuzi, mama, tumebaki wanawake watupu hapa. Akanijibu kwamba mbuzi watakula nyasi, na Kahiga atabaki na ufunguo wa banda.

Tarehe 22 Novemba, kortini Nakuru, Kahiga hakukana kuwa alikuwa ndani, alisema tu kwamba mwanamke alikubali, na hakimu akasema kupitia kwa mkalimani kuwa ni hatari kumfunga mtu kwa neno la mwanamke peke yake. Kipketer akaeleza kilio alichosikia, wakili akasema kulia si ushahidi. Wariara akanigeukia, Kahiga naye akanitazama, akainamisha kichwa kama anayenisalimia, nami nikaliona lile lori na wajukuu wangu juu yake. Mkojo ulinitoka kidogo, anayetaka kucheka acheke, lakini nilisimama nikasema ni mikono hii iliyomwosha, na iliosha alama za vidole shingoni, na mgongo uliochubuka kwa mbao za sakafu. Wakili akauliza mbona nilichoma nguo, nikamwambia kwetu uchafu huondolewa, hatukujua korti huutafuta.

Mwezi wa Februari 1958 marehemu alishikwa na kifua, akalazwa hospitalini Nakuru, na akatutoka tarehe 2 Juni, saa kumi na moja alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliobeba kuni na maji, wachumaji wenzake wa pareto, na Kipketer, aliyefukuzwa shambani kwa kusema aliyosikia na bado leo amekuja kuchimba kaburi.

Pumzika sasa, Wariara. Kahiga hakulipa hata mbuzi mmoja, alihukumiwa miaka minane na kazi ngumu, ametumikia miwili na nusu, na mitano na nusu angali anadaiwa.